Si Bila Haki: Ngao ya Shakespeare na Nasaba Iliyodaiwa Nyuma Yake

Wasomaji wa Kiswahili waliomjua Shakespeare kwa njia ya Mwalimu Nyerere, aliyetufasiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi katika miaka ya 1960, aghlabu humdhania kuwa hakuwa na shughuli nyingine duniani illa kalamu na jukwaa. Walakini atakayeingia katika Kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Stratford-upon-Avon, alikozikwa mshairi huyo mwaka 1616, ataona ukutani, juu ya sanamu yake, ngao ya dhahabu iliyokatwa kwa mshazari na ukanda mweusi, na katika ukanda huo mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Hati ya nembo hiyo inaongeza kozi mweupe aliyekunjua mbawa zake, ameshika mkuki mwingine kwa ukucha, na maneno matatu ya Kifaransa cha kale ambayo maana yake ni "si bila haki". Nembo hii hakupewa mshairi. Aliyepewa ni baba yake, John, fundi wa glavu za ngozi, naye alipewa mwaka 1596 baada ya kuitamani kwa miaka mingi, kwa hati iliyotaja wazee ambao mpaka leo hakuna daftari la mfalme lililoonekana likiwataja.

Nembo ya ukoo, kwa watu wa Ulaya, ni dai lililotiwa rangi: mwenye kuitundika mlangoni anawaambia wapitao kwamba yeye ni muungwana, na kwamba uungwana wake una asili. Sisi wa pwani tumezoea kwamba mwenye kudai mbele ya kadhi ndiye anayetakiwa kuleta bayana, kwa hiyo hatutaona ajabu kwamba taarikh ya nembo hizo, tangu vita vya mashujaa wa kale hata maduka ya leo yanayouza ngao za majina, ni taarikh ya mashahidi zaidi kuliko ya wachoraji. Ngao ya fundi wa Stratford inafaa kuwa kioo cha jambo hilo, maana ilidaiwa, ikatolewa, ikapingwa, ikatetewa, na nyaraka za hatua hizo karibu zote zimesalia.

Alama za vitani

Kuchora alama juu ya ngao ni desturi kongwe kama ngao zenyewe. Lililozuka Ulaya katika karne ya 12 ni kwamba alama iliacha kuwa pambo, ikawa milki ya mtu maalumu, ya kurithiwa na wanawe. Mashujaa wa zama zile walivaa chepeo zilizofunika uso, hata ikawa mtu hamtambui ndugu yake uwanjani illa kwa ngao. Na katika mashindano ya kupigana mikuki juu ya farasi, ambako watazamaji walikuwa wengi na zawadi nono, walihitajika wapiga mbiu wa kutangaza nani ameingia na nani ameanguka. Kwa kazi hiyo wapiga mbiu wakawa ndio wajuzi wa alama, kisha watunza madaftari yake, na mwisho waamuzi wa nani anastahili kuwa nayo.

Mfano unaotajwa kwanza ni wa Geoffrey wa Anjou, ambaye, kwa mujibu wa mtawa mmoja aliyeandika habari zake, alivikwa ngao yenye simba wa dhahabu na mkwewe, Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza, alipofanywa shujaa mwaka 1128. Mtawa yule aliandika miongo kadhaa baada ya tukio lenyewe, na kauli yake peke yake isingetosha. Lakini bamba la kaburi la Geoffrey, la shaba iliyotiwa rangi, lililohifadhiwa mjini Le Mans, linamwonyesha ameshika ngao ya buluu yenye simba, na kaburi la mjukuu wake, William Longespée, aliyefariki mwaka 1226 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la Salisbury, lina ngao ya buluu yenye simba sita wa dhahabu wa namna ile ile. Kauli ya mwandishi, bamba la babu na kaburi la mjukuu vinaposema jambo moja, hapo ndipo mwenye kutafuta nasaba anapata pa kuweka mguu.

Kanuni za uchoraji nazo zilitokana na haja ya vita. Dhahabu na fedha huhesabiwa kuwa madini, na nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau kuwa rangi. Wala haifai rangi kuwekwa juu ya rangi, wala madini juu ya madini, kwa sababu simba wa buluu juu ya uwanja mweusi haonekani kwa mbali, na alama isiyoonekana kwa mbali haina faida kwa mtu aliye juu ya farasi katikati ya vumbi.

Zama zile zile, katika nchi za Misri na Sham, masultani na maamiri wa Kimamluki walikuwa na alama zao. Sultani Baybars alikuwa na simba, ambaye bado yumo katika mawe ya daraja alilolijenga karibu na Ludd mwaka 1273. Na maamiri walikuwa na alama za kazi walizozifanya katika jumba la sultani: mnyweshaji alikuwa na kikombe, katibu alikuwa na kisanduku cha kalamu na wino, mchukua silaha alikuwa na upanga, na msimamizi wa mchezo wa polo alikuwa na fimbo mbili zilizopinda. Watu hawa walikuwa wamenunuliwa utotoni kutoka nchi za mbali, hawana baba wa kumtaja wala kabila la kujinasibisha nalo, na kwa hiyo alama zao hazikudai damu, zilidai utumishi tu. Tofauti hiyo, ya alama ya damu na alama ya kazi, ndiyo iliyokuja kuamua kesi ya fundi wetu.

Chaucer mbele ya mahakama

Kesi iliyoonyesha kwamba nembo ni haki inayoweza kupiganiwa kisheria ilianza mwaka 1385, wakati Mfalme Richard wa Pili alipoongoza jeshi kwenda Scotland, na Sir Richard Scrope akamwona shujaa mwingine, Sir Robert Grosvenor, akitembea na ngao yake hasa: uwanja wa buluu uliokatwa na ukanda wa dhahabu wa mshazari. Kila mmoja alidai kwamba wazee wake waliishika tangu zama za kale. Mahakama ya Ushujaa ikasikiliza mamia ya mashahidi, wakiwamo watawa walioeleza yaliyochorwa katika madirisha na makaburi ya nyumba zao, na askari wazee walioeleza ni nani waliyemwona na ngao ile, na katika vita gani.

Miongoni mwa mashahidi alikuwamo mshairi Geoffrey Chaucer, aliyetoa ushahidi wake mwaka 1386. Alieleza kwamba aliiona ngao ile kwa akina Scrope huko Ufaransa, katika vita ambavyo yeye mwenyewe alitekwa. Na kwamba siku moja, akipita katika mtaa mmoja wa London, aliiona imetundikwa nje ya nyumba ya wageni, akauliza ni kwa nini akina Scrope wamefikia hapo, akajibiwa kwamba hiyo si ya Scrope bali ya Grosvenor, jina ambalo hakupata kulisikia kabla ya siku ile. Hukumu ilitoka mwaka 1389 kwa upande wa Scrope, na mwaka uliofuata mfalme akaithibitisha. Grosvenor akaacha ukanda, akachukua mganda wa ngano wa dhahabu. Katika maelezo ya Chaucer hamna sifa za ukoo wala masimulizi ya ushujaa: mna mahali, mna wakati, na mna mtu aliyeulizwa na kujibu. Ndiyo maana yalikuwa ushahidi.

Si wote waliokubali kwamba nembo ni ya mashujaa peke yao. Mwanasheria wa Kitaliani Bartolo da Sassoferrato, katika risala yake ya katikati ya karne ya 14, alifundisha kwamba mtu yeyote anaweza kujichagulia alama kama anavyojichagulia jina, maadamu hamdhuru mwenzake mwenye alama hiyo. Na katika nchi nyingi za Ulaya mafundi na wakulima pia walikuwa na ngao zao. Uingereza ilishika njia nyembamba zaidi. Mfalme Richard wa Tatu aliwapa wapiga mbiu wake hati ya kuwa jumuiya mwaka 1484, ndiyo Chuo cha Nembo kilichopo London hata leo. Na kuanzia mwaka 1530 hadi 1688 walitumwa kuzunguka wilaya, wakawaita wenye kudai uungwana waje na hati zao, wakaandika shajara za nasaba zao, na waliokosa bayana wakatangazwa hadharani kwamba si waungwana, na nembo zao zikavunjwa au kufutwa. Madaftari ya ziara hizo yangali hazina kubwa kwa atafutaye jadi zake za Kiingereza, japokuwa yanahitaji tahadhari, kwa sababu mwenye kuulizwa habari za babu yake ndiye huyo huyo anayenufaika na jibu.

Fundi wa Stratford

John Shakespeare alikuwa mwana wa Richard, mkulima wa kijiji cha Snitterfield aliyelima ardhi ya kukodi. Mara ya kwanza tunapokutana na John katika kumbukumbu za Stratford ni mwezi Aprili 1552, alipotozwa faini ya shilingi moja pamoja na wenzake kwa kurundika samadi katika mtaa wa Henley pasipo idhini. Na tangu hapo madaftari ya mji yanamwonyesha akipanda daraja baada ya daraja. Alikuwa mkaguzi wa pombe na mikate, akamwoa Mary Arden, binti wa mwenye ardhi aliyolima baba yake, akawa mjumbe wa baraza la mji, na mwaka 1568 akawa mkuu wa mji, cheo kilichomfanya pia kuwa hakimu. Alipotakiwa kutia sahihi hakuandika jina lake. Alichora alama, na mara nyingine alama hiyo ilikuwa bikari ya fundi wa glavu, chombo cha kupimia ngozi.

Mtu aliyefika daraja hiyo aliweza kuomba nembo, na John aliomba, lakini shauri lile likaachwa. Alikwisha kushitakiwa kwa kukopesha kwa riba na kwa kufanya biashara ya sufi bila ruhusa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1576 akaacha kuhudhuria baraza. Mwaka 1578 akaweka rehani ardhi ya mkewe. Mwaka 1586 wenzake, waliomvumilia miaka kumi, wakamchagua mtu mwingine mahali pake. Na mwaka 1592 jina lake likaorodheshwa pamoja na wasiokwenda kanisani, likielezwa kuwa ni kwa hofu ya kukamatwa kwa madeni. Mtu wa namna hii hakuwa na uwezo wa kufufua ombi la nembo kwa fedha zake. Wanazuoni wengi wanaona kwamba aliyelipa ni mwanawe William, ambaye wakati huo alikwisha kupata jina na mali katika michezo ya London.

Hati za kwanza za nembo, ambazo zingali Chuoni, ni za tarehe 20 Oktoba 1596, nazo zimeandikwa chini ya jina la Sir William Dethick, aliyekuwa na cheo cha Garter, mkuu wa wapiga mbiu wa Uingereza. Zinasema kwamba wazee wa John walimtumikia kwa uaminifu na ushujaa Mfalme Henry wa Saba, wakapewa zawadi. Na katika nakala moja mwandishi ameongeza neno "babu" juu ya mstari, kana kwamba hata Chuoni hawakuwa na hakika ni wazee gani wanaotajwa. Maelezo mengine yaliyoambatana nazo yanataja ukuu wa mji, uhakimu, ndoa na binti Arden, na ardhi na majumba ya thamani ya pauni 500. Ngao yenyewe ilichezea jina: Shakespeare husikika kama mtu atikisaye mkuki, basi mkuki ukawekwa.

Wala hili halikuwa geni katika zama zile. Kasisi William Harrison, katika kitabu chake cha kuieleza Uingereza kilichotoka mwaka 1577, aliandika pasipo kuficha kwamba mtu aliyesoma sheria au aliyekwenda chuo kikuu, au anayeweza kuishi bila kazi ya mikono na kujichukua kiungwana, atapata nembo kwa fedha zake, na wapiga mbiu watamwekea katika hati mambo ya kale na utumishi wa wazee. Kila mtu alijua, hata mwenye kununua na mwenye kuuza, kwamba mali ya jana ilikuwa ikivishwa kilemba cha juzi.

Lakini wakati wa kupata, mrithi alikuwa ameondoka. Daftari la kanisa la Stratford, mojawapo ya yale yaliyoamriwa na Thomas Cromwell mwaka 1538 kwamba kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, linaonyesha kwamba Hamnet, mwana wa pekee wa kiume wa William, alizikwa tarehe 11 Agosti 1596, akiwa na umri wa miaka 11, wiki kumi tu kabla ya hati ile kuandikwa. Nembo iliyoombwa ili ishuke kutoka kwa baba kwenda kwa mwana ilimfikia babu mzee na baba asiyekuwa tena na mtoto wa kiume.

Lalamiko la mwaka 1602

Mwaka 1599 familia iliomba ruhusa ya kuiunganisha ngao yao na ya akina Arden, ukoo wa mama. Katika rasimu, mchoraji alianza kuweka nembo ya akina Arden wa Park Hall, ukoo mkubwa na maarufu wa Warwickshire, kisha akaikata, akaweka ya Arden wa wilaya nyingine. Alama ile ya kukata ni kauli nzito: waliosimamia kazi walitaka kumpa Mary jina kubwa, wakakumbuka kwamba wenye jina hilo wapo hai na wanaweza kuuliza. Ngao hiyo ya kuunganishwa haikuonekana ikitumiwa na familia.

Miaka mitatu baadaye, John akiwa amekwisha kufariki, mpiga mbiu Ralph Brooke, mtu mwenye elimu na ulimi mkali, aliyekuwa na ugomvi wa siku nyingi na wenzake, alipeleka mashitaka kwamba Dethick na mpiga mbiu mwingine, William Camden, wamewapa nembo watu duni wasiostahili, akawataja 23. Miongoni mwa karatasi za ugomvi huo umo mchoro wa ngao ya mkuki, na chini yake jina la Shakespeare limeandikwa pamoja na kazi yake, mchezaji, kwa maana ya kumdunisha. Brooke alisema pia kwamba ngao ile inafanana mno na ya Lord Mauley, iliyokuwa na uwanja wa dhahabu na ukanda mweusi.

Dethick na Camden wakajibu, na jibu lao ndilo kiini cha habari hii yote. Juu ya ufanano walisema kwamba mkuki ulio katika ukanda ni tofauti ya kutosha. Juu ya ustahili walisema kwamba aliyepewa alikuwa na madaraka ya hakimu katika Stratford, alimwoa binti mrithi wa Arden, na alikuwa na uwezo wa kuishi kwa hadhi hiyo. Mashujaa wa Henry wa Saba hawakutajwa. Yule babu aliyeongezwa juu ya mstari mwaka 1596 hakuitwa kusimama shahidi mwaka 1602, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba hawezi kusimama. Waliosimama ni ukuu wa mji wa mwaka 1568, ulioandikwa katika daftari la baraza, na ndoa iliyojulikana na jirani wote. Dai la damu lilianguka lenyewe, na dai la kazi likabeba ngao.

Mwaka 2016, Heather Wolfe, mtunza miswada wa Maktaba ya Folger mjini Washington, alitangaza michoro mingine ya nembo hiyo ya karne ya 17 iliyokuwa haijulikani, ambamo ngao ya baba inatajwa kuwa ni ya Shakespeare mchezaji; nayo inatia nguvu rai kwamba, hata kama hati ni ya John, watu wa wakati ule walijua dai ni la nani. Ukoo wenyewe haukuishi sana: mjukuu wa mwisho wa mshairi, Elizabeth, alifariki mwaka 1670 bila mtoto, na kizazi chake kikakoma.

Nasaba za pwani yetu

Huku kwetu pwani ngao za kurithi hazikuwako, lakini dai lilikuwako, na lilikuwa na ala zake. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, ambazo leo zimo katika makumbusho ya Lamu, zilipigwa katika sherehe za waliohesabiwa kustahili, na kupigiwa siwa kulikuwa ni kutangaziwa uungwana mbele ya mji mzima. Masharifu walihifadhi silsila zilizoandikwa, zinazopanda jina kwa jina hata Hadhramaut na kuendelea hata kwa Mtume. Na nisba zilizofuata majina, kama vile al-Mazrui na al-Barwani, zilifanya kazi ile ile ya kumwambia msikilizaji mtu huyu ametoka wapi na ni wa nani. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliwaandikia watu wake kwa Kiarabu taarikh ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa, na kazi hiyo ni mfano mzuri wa mtu wa ukoo aliyeona kwamba masimulizi ya barazani hayatoshi mpaka yatiwe katika kitabu.

Na kasoro ni zile zile. Habari za Pate, zilizopokewa kwa Bwana Kitini wa ukoo wa Nabhani, zina nakala kadhaa ambazo miaka yake haipatani, na tarehe zinazotajwa humo za kufika Wanabhani, mwanzoni mwa karne ya 13, zimetiliwa shaka na wanataarikh wengi. Wapo waliojinasibisha na Shiraz, wapo waliojinasibisha na Uarabu, na nyuma ya nasaba nyingine kuna mke, mama au bibi wa bara aliyeachwa nje ya shajara kwa sababu jina lake halikuongeza hadhi. Mahali pengine jiwe husema kwa hakika zaidi kuliko ulimi: kaburi moja la Gedi limechongwa mwaka 802 wa Hijria, sawasawa na 1399 Miladia, na maandishi ya msikiti wa Kizimkazi yana mwaka 500, sawasawa na 1107.

Fauka ya hayo, hatuwezi kusema habari za nasaba pwani pasipo kuwataja wale ambao nasaba yao ilikatwa kwa nguvu. Waliouzwa Zanzibar na Bagamoyo walipewa majina ya mabwana zao au ya siku walizofika. Na baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyofuta hali ya utumwa katika sheria ya Zanzibar, wengi walikwenda kuchukua hati za uhuru. Mjukuu wa mtu huyo, anapotafuta jadi zake, huenda akafika kwenye hati ile au kwenye daftari la ubatizo la misheni, kisha njia ikakoma. Pasiwe na mtu wa kumwambia kwamba kwa hiyo hana cha kuchora. Maamiri wa Baybars nao hawakuwa na baba wa kumtaja, na kikombe na kalamu zao zimedumu katika mawe ya Qahira kuliko nasaba nyingi zilizoandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kwa anayetaka kujichorea nembo

Leo nembo ya mtu binafsi si jambo la mabwana wa Ulaya peke yao. Chuo cha London kingali kinatoa nembo kwa ada ya maelfu kadhaa ya pauni. Scotland ina daftari lake la umma tangu sheria ya mwaka 1672. Afrika Kusini ina ofisi yake. Na Kenya, mwaka 1968, ilijiwekea kwa sheria chombo chake chenyewe cha kutoa na kusajili nembo. Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba, kwa kanuni za Uingereza na Scotland, nembo ni ya mtu na ya wazao wake, si ya jina. Maduka yanayomwuzia kila mwenye jina fulani "ngao ya ukoo" yanauza ngao ya mtu mwingine, ambaye huenda hana nasaba naye hata kidogo.

Anayeanza na aanze nyumbani, akipanda kutoka kwake kwenda kwa wazazi, kisha kwa mababu, asiruke hatua kwa pupa ya kufika kwa mtu mashuhuri. Na awaulize wazee mmoja mmoja, si wote katika kikao kimoja, kwa kuwa mdogo hampingi mkubwa mbele za watu. Awaulize pia bibi, ambao hukumbuka ndoa na talaka, na kwa hiyo hukumbuka nani ni mtoto wa nani, kuliko wanaume. Kisha alinganishe masimulizi na vyeti vya kuzaliwa, hati za wakfu na mirathi, madaftari ya kadhi na ya makanisa, na mawe ya makaburi, akikumbuka kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja kuliko wa Miladia, na kwamba mtu mmoja aweza kuwa na jina la kitabuni, jina la nyumbani na jina la utani. Kila jina aliandikie ni nani aliyelisema na lini.

Mchoro hufuata baadaye, na uwe na vitu vichache. Nembo ya Tanzania, ile tuiitayo Bibi na Bwana, ina mwenge, jembe, shoka na mkuki, na miguuni karafuu na pamba, na nembo ya Kenya ina jogoo aliyeshika shoka: hizo si alama za wazee wa kubuni, ni alama za kazi na matumaini ya watu waliokuwapo. Vivyo hivyo mwenye babu aliyejenga majahazi hahitaji simba, anayo tezo. Mwenye bibi aliyechuma karafuu anayo karafuu. Na John Shakespeare, lau wapiga mbiu wangalimwuliza, alikuwa nayo bikari, alama ambayo yeye mwenyewe aliichora mahali pa sahihi, na ambayo Ralph Brooke asingalikuwa na la kusema juu yake.

Ikisha kuchorwa, nyuma ya ngao na iwekwe karatasi: majina yaliyothibiti na ushahidi wake, majina yaliyosikiwa tu na aliyeyasema, na nafasi zilizokosa jina ziachwe wazi kwa makusudi, zisijazwe kwa mashujaa wa wafalme wasiomjua babu yako. Anayefuata, akitaka kupinga, atajua pa kuanzia. Na akitaka kuendeleza, hatahitaji kubomoa kwanza. Nembo isiyokuwa na karatasi hiyo ni pambo la ukuta, hata ikiwa ya dhahabu.